Bima ya gari kwa dereva kijana: kwa nini ada hupanda hivi?

Muulizaji: Habari zenu. Binti yangu ana miaka 18 na amepata leseni. Kampuni ya bima imeniambia kwamba nikimwongeza katika bima kubwa ya gari langu (ile inayolipia pia uharibifu wa gari lenyewe), ada itakaribia mara mbili ya ninayolipa sasa, ingawa hajawahi kugonga chochote. Je, nimwache nje, kwa kuwa ataendesha mara chache tu?

Mchangiaji wa kwanza: Usimwache nje, ndugu. Akipata ajali ilhali jina lake halimo, kampuni inaweza kukataa kulipa, na gharama yote ikakuangukia wewe. Ada haipangwi kwa kumtazama yeye peke yake, bali kundi la umri wake, ambalo hupata ajali nyingi zaidi kwa kila kilomita, hasa usiku na wanapobeba vijana wenzao.

Mchangiaji wa pili: Wapo wazazi wanaojiandikisha kuwa madereva wakuu wa gari ambalo kwa kweli huendeshwa na mtoto, huo ni udanganyifu, na hugundulika siku ya kudai fidia. Afadhali gari lenye injini ndogo na vipuri vya bei nafuu. Uliza pia kuhusu kifaa kinachorekodi mwendo, breki za ghafla na saa za kuendesha, kwani baadhi ya kampuni humpunguzia ada anayeendesha kwa utulivu.

Muulizaji: Ahsanteni. Na nikikubali kuongeza kiasi ninachobeba mwenyewe kabla ya kampuni kulipa?

Mchangiaji wa pili: Ada itashuka, ila mikwaruzo ya bampa, ambayo ndiyo huwapata sana wanaoanza, utaitengeneza kwa fedha zako.