Kikundi cha Ukoo wa Bibi Mwanakombo: Jumamosi

Shangazi Rukia: Zuhura, huko Brooklyn kukoje? Yule mzee wako wa Kiyahudi wameshamzika?

Zuhura: Shikamoo Shangazi. Alhamisi. Wanakaa matanga siku saba, wanahesabu tangu siku ya maziko. Nimetoka nje kuwaandikia, ndani leo simu hazishikwi. Ni Sabato.

Shangazi Rukia: Marahaba. Watu wamejaa?

Zuhura: Leo hapana. Sabato hawapokei watu wa kuja kutoa pole.

Shangazi Rukia: Astaghfirullah! Siku ya tatu tu wafiwa wanaachwa peke yao?

Zuhura: Nami nilishangaa. Jana kabla ya magharibi binti yake aliinuka kwenye kile kigoda kifupi wanachokalia wafiwa. Akavua blauzi aliyoichana upande wa kushoto, juu ya moyo, ndivyo wanavyomchania mzazi. Akaoga, akavaa nguo nzima na viatu vya ngozi, maana siku za msiba havivaliwi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, nikamfungia kamba mimi.

Mjomba Salim: Kumbe siku yao inaanza magharibi kama yetu. Ina maana leo haihesabiwi?

Zuhura: Inahesabiwa, Mjomba. Sikukuu kubwa kama Pasaka yao ndiyo inayokata matanga moja kwa moja. Sabato haikati, kwani katika siku saba lazima moja iwe Sabato, nani angemaliza? Ni kwamba tu huzuni haionyeshwi hadharani. Ya ndani iko palepale, hata Torati mfiwa hasomi kama kawaida yake.

Mjomba Salim: Na huko sinagogi?

Zuhura: Mtoto wa kiume alisubiri nje mpaka wakamaliza wimbo wa kuikaribisha Sabato. Alipoingia wote wakamgeukia: Mungu akufariji pamoja na waombolezaji wengine wa Sayuni na Yerusalemu.

Shangazi Rukia: Basi hawakuachwa 😢 Nimesema haraka. Mjane je?

Zuhura: Kakaa kiti cha kawaida leo, hasemi. Nyota zikitoka anarudi kwenye kigoda.

Shangazi Rukia: Mpelekee chakula.

Zuhura: Cha jikoni kwangu hawali, Shangazi, wana masharti yao. Kesho nitachukua matunda mazima.

Mjomba Salim: Wanaanua lini?

Zuhura: Jumatano asubuhi. Saa chache za siku ya saba zinatosha kuwa siku nzima. Wanatoka nje, wanazunguka mtaa kwa miguu. Mjane ameniomba nimshike mkono.

Shangazi Rukia: Mshike mwanangu. Na umwambie Tanga wanampa pole.