Kaole ilikuwa bandari kweli?

Wakuu, bibi yangu ni wa Kaole, pale Bagamoyo. Anashikilia kwamba zamani kijiji chao kilikuwa bandari ya maana. Mimi nikienda naona ngalawa na matope tu!

— Bibi hajakosea. Pita magofuni: misikiti miwili, mkongwe wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20, mengine ya nguzo. Bakuli za China zilizopachikwa nguzoni utaziona makumbusho ya palepale.

— Mikoko ndiyo iliyoimaliza. Ilitanda, mchanga ukajaa, vyombo vikashindwa kukaribia, biashara ikasogea Bagamoyo. Marehemu babu alivua kamba humohumo mikokoni, kwa hiyo kwetu hakuna aliyelalamika.

— Ahsanteni. Nilimbishia mbele ya wajukuu wote, sasa nampigiaje simu?