Tupeane uzoefu: hafla za kuchangia utafiti wa uvimbe wa ubongo na kuwapa heshima wagonjwa

Mke wa Fundi: Wadau, salaam. Mume wangu anaishi na uvimbe wa ubongo, na nimeombwa kuingia kwenye kamati ya hafla ya kuchangisha fedha za utafiti. Wagonjwa watapewa tuzo usiku huo. Mliowahi kuandaa au kualikwa, nini kiliwagusa na nini kiliwaumiza? Naanza na letu. Hafla moja tuliyokwenda, taa za jukwaani zilikuwa zinawaka na kuzima kwa kasi. Mume wangu ana kifafa tangu uvimbe uanze, na kwa baadhi ya watu wenye kifafa taa za aina hiyo huamsha degedege. Tukatoka kabla jina lake halijaitwa. Iliniuma sana, maana usiku ule ulikuwa wake.

Kushoto: Pole sana dada. Mimi ni mgonjwa, uvimbe wangu uko upande wa kushoto, karibu na sehemu ya lugha. Maneno nayajua ila hayatoki. Nilipoombwa kuzungumza, mshereheshaji alinifuata mapema akaniuliza, "Ukikwama, nikusaidie au nikusubiri?" Nikamwambia anisubiri. Nilikwama kwenye jina la mwanangu. Hakuna aliyenitajia, hakuna aliyepiga makofi ya kunifariji. Walikaa kimya mpaka nikalitamka. Tuzo niliyopewa sikumbuki hata imeandikwaje, lakini kule kusubiriwa sitakusahau.

Mama Kijacho: Ongezeni na picha. Dada yangu alikuwa amevimba uso kwa deksamethasoni, dawa ya steroidi wanayopewa wagonjwa wa uvimbe wa ubongo, akapigwa picha bila kuulizwa, kisha ikawekwa kwenye mabango. Ulizeni kwanza.

Mtu wa Maabara: Nafanya kazi kwenye utafiti wa uvimbe huu, naomba niseme kuhusu fedha. Wafadhili wakubwa hutaka kuona matokeo ya awali kabla ya kutoa chochote. Michango ya hafla ndiyo mara nyingi hulipia hayo ya awali: kuhifadhi sampuli za uvimbe baada ya upasuaji, mshahara wa mtafiti kijana mwenye wazo jipya. Waelezeni wachangiaji kwamba ni safari ndefu. Mabadiliko ya jeni ya IDH1 kwenye glioma (uvimbe unaotokana na seli zinazosaidia neva za ubongo) yaligunduliwa 2008, na vorasidenibu, dawa inayolenga mabadiliko ya IDH, ikaidhinishwa Marekani 2024 kwa glioma za gredi ya 2, yaani zinazokua polepole. Miaka 16! Kwa glioblastoma, uvimbe mkali wa ubongo unaokua haraka, hali ni ngumu zaidi. Msingi wa tiba baada ya upasuaji bado ni mionzi pamoja na temozolomidi, dawa ya kemotherapi, kama ilivyothibitishwa kwenye matokeo ya utafiti ya 2005. Dawa nyingi hazivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na hata zikivuka, ndani ya uvimbe mmoja seli hazifanani, kwa hiyo zipo zinazosalimika. Msimwahidi mtu tiba ya mwakani. Mwambieni fedha yake inakwenda kufanya kazi gani.

Kaka Mkubwa: Nakuunga mkono, ila hayo yasemwe kwa adabu. Kwenye hafla tuliyoalikwa, mtoa mada alitandaza kwenye skrini muda ambao wagonjwa wa glioblastoma huishi, na mdogo wangu amekaa meza ya mbele. Aliangalia sahani yake mpaka mada ikaisha. Takwimu hizo alikuwa anazijua, alishaambiwa na daktari wake faraghani. Na jambo la pili: mdogo wangu ameshafariki, na wapo wanaosema "alishindwa vita". Hakushindwa chochote, aliugua. Kama mtasoma majina ya waliotangulia, msiseme hivyo.

Mweka Hazina: Kifupi tu: gharama za ukumbi zitafutiwe mdhamini wake, michango isiguswe. Ahadi ziandikwe palepale, na baadaye kila mchangiaji apate taarifa ya fedha.

Mke wa Fundi: Asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea na mume wangu. Tuna kikao cha kamati kesho. Swali moja limebaki: wagonjwa wanaotumia kiti cha magurudumu mliwapandishaje jukwaani?

Kaka Mkubwa: Hatukuwapandisha. Tulishusha kipaza sauti chini, na kila aliyezungumza usiku ule, hata mgeni rasmi, alizungumzia hapohapo sakafuni.