Mpelelezi mwenye mkosi: nifanyeje achekeshe bila kuwa bwege?

MwanaChumbageni:
Wakuu, habari za kutwa. Naandika riwaya ya upelelezi ya mfululizo, ya kiza lakini yenye kuchekesha, hapa hapa Tanga. Mpelelezi wa kujitegemea, Kombo, kapanga chumba Ngamiani barabara ya 12, na kila alishikalo linamponyoka. Sehemu mbili za kwanza wasomaji walicheka. Sasa nipo ya nne na wanalalamika kwamba Kombo ni bwege tu. Halafu sehemu ya tano inafunguka na maiti inaelea ufukweni Raskazone saa 4 asubuhi, siku ya mwezi mpevu. Mtu kauawa usiku huo, kafungiwa jiwe kwa kamba ya katani, kamba ikakatika. Inaingia akilini?

KasaSahare:
Mkuu, kwenye maji umekosea. Mwezi mpevu ni bamvuo, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana, na pwani yetu bamvuo maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Saa 4 asubuhi yameshakupwa. Ukitaka yawe yamejaa saa 4, sogeza tukio siku 7 mbele, maana maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ila hapo ni maji mafu, hayana nguvu ya kusukuma kitu mbali.

Tena aliyezama usiku haelei asubuhi yake. Katika maji ya joto kama yetu ni siku mbili tatu, mpaka gesi ya tumboni imwinue. Mimi ningeiacha bamvuo, maji yakapwa, wachokoa pweza wakaikuta maiti imekaa mchangani na jiwe lake bado limefungwa. Muuaji alitupa akidhani maji yamejaa na pale ni kilindini.

Na kamba: katani mpya haikatiki usiku mmoja. Ikisagwa na mwamba nyuzi hutoka zimetawanyika, ikikatwa kwa kisu ncha huwa sawa. Ikilowa hufupika na fundo linakaza, hulifungui kwa vidole.

MamaKashata:
Mwanangu, mkosi wa Kombo si tatizo. Tatizo ni kwamba haumgharimu wala haumfikishi popote. Kila anachoharibu kimpatie kitu ambacho mtu makini asingekipata. Chukua fundo hilo la KasaSahare. Kombo anahangaika nalo dakika kumi, kucha zinauma, mwisho analikata kwa kisu chake. Ushahidi umekwenda, na polisi wanamkuta na kisu chenye nyuzi za katani mfukoni: mshukiwa ni yeye. Lakini kwa zile dakika kumi amelijua fundo. Ni la wakata mkonge, wanavyofunga mafungu ya majani 30 30, si la wavuvi. Polisi hawalijui hilo, kwa sababu wao waliletewa kamba iliyokwisha katwa.

Kumfuatilia mtu Ngamiani nako kuna raha yake. Kajibanza nyuma ya mwembe, anapita mtoto: “Shikamoo babu.” Akinyamaza, mtaa mzima utauliza ni nani huyo asiyeitika salamu. Akisema marahaba, mshukiwa kageuka. Na muuza kahawa ameshasimama hapo anagonga vikombe. Usitie neno la kuchekesha. Kombo awe na bidii na huzuni, inatosha.

Kiza usikitafute mbali, tuna watani. Mtani humwigiza marehemu mwendo wake, hulala kaburini hatoki mpaka alipwe. Weka mazishi: mtani anachechemea mguu wa kushoto, watu wanacheka huku wanalia, na Kombo anatambua kwamba mchechemeaji aliyemwandama wiki nzima ndiye anayezikwa. Wewe msimulizi usimcheke marehemu. Waachie watani, ni haki yao.

Msomaji_Mkongwe:
Naongeza moja. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu 1960 ana rafiki yake Najum wa kumsikiliza akifikiri. Kombo wako anaongea na nani? Mpe mtu anayemdai, mwenye chumba kwa mfano, ambaye kila akija kudai kodi anauliza swali moja la maana.

MwanaChumbageni:
Shikamoo mama, ahsanteni wote. Naibomoa sehemu ya tano. KasaSahare, muuaji akitoka mashambani atajuaje saa ya maji kujaa?

KasaSahare:
Hajui, mkuu. Alimuuliza mtu kijiweni siku nne nyuma, akaambiwa “yanajaa saa 7 usiku”, akaishika hiyo hiyo. Kombo amtafute aliyeulizwa.