Tupeane uzoefu: Master of Reality ya Black Sabbath ilikufikiaje?

Seremala wa Buguruni
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale wachache humu wanaopenda muziki wa magitaa mazito. Albamu ni moja tu: Master of Reality ya Black Sabbath, bendi ya Birmingham, Uingereza, 1971, nyimbo 8, dakika kama 34. Wanaopiga stona metali, ule muziki wa gitaa zito la mwendo wa polepole, wengi wamechota hapo. Naanza mimi.

Mwaka 2011 msumeno wa mashine ulinikata ncha ya kidole cha kati, mkono wa kushoto. Nilikuwa mpiga solo wa kwaya. Gitaa nikalitundika ukutani miezi saba, hata kulitazama sitaki. Fundi mwenzangu ndiye aliyenihadithia habari za Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath: kijana wa Birmingham, miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani, mashine ya bati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye hupigia kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio unaobana nyuzi! Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi. Akatafuta nyuzi nyembamba. Ilipofika albamu hii, ya tatu kwao, baadhi ya nyimbo akazilegezea nyuzi nusutoni tatu chini (nusutoni ni hatua ndogo ya sauti, pengo moja la shingo ya gitaa) ili zisimsumbue kubana. Uzito wote mnaousikia umetokea kwenye vidole vile.

Sikilizeni wimbo wa mwisho, Into the Void. Gitaa linakuja kama lori la shehena linalopanda Kitonga. Nilishusha gitaa ukutani usiku uleule.

Binti Mzee wa Kanisa
Shikamoo kaka, pole kwa kidole. Mimi baba aliliona jina Black Sabbath, yaani Sabato Nyeusi, kwenye simu yangu, akaniita sebuleni, mama naye akaja. Nikamwomba asikilize wimbo wa After Forever, nami nikawa namfasiria mstari kwa mstari. Maneno aliyaandika Geezer Butler, mpiga besi, aliyelelewa Kikatoliki, na yanamuuliza msikilizaji kama amewahi kuiwazia roho yake siku ya kufa. Baba akasema rudia. Sikuwahi kuzuiwa tena.

Kaka Mkubwa
Mimi wimbo wa kwanza, Sweet Leaf, nauruka. Kile kikohozi cha mwanzo ni cha Iommi mwenyewe, amepaliwa na moshi wa bangi, na wimbo mzima ni sifa za jani hilo. Mdogo wangu alipotelea humo. Albamu naipenda kwa moyo wote, lakini naanzia wimbo wa pili.

Msafiri wa Birmingham
Nipo huku mwaka wa tisa, napanga mizigo ghalani usiku. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walipopiga onyesho la mwisho uwanja wa Villa Park sikupata tiketi. Nilisimama nje na umati, sauti ikatufikia kwa juu ya kuta. Tarehe 22 mwezi huohuo Ozzy Osbourne, mwimbaji wao, akafariki. Nilitoka zamu asubuhi nikapitia daraja la Broad Street lenye jina la bendi, maua yamejaa hadi njiani. Mzee mmoja pale aliniambia naye alifanya kazi kiwanda cha bati. Tukasimama pamoja kimya muda mrefu.

Jangwa
Wakuu, kwa heshima zote, stona halisi ni bendi ya Kyuss, albamu yao Blues for the Red Sun, 1992. Vijana wa Palm Desert, California, waliopiga muziki jangwani kwa umeme wa jenereta. Josh Homme, mpiga gitaa wao, alipitisha gitaa kwenye amplifaya ya besi!

Seremala wa Buguruni
@Jangwa sikatai, albamu ile ni moto. Lakini hao Kyuss nao waliurekodi upya wimbo uleule wa Into the Void. Walijua maji wameyachota kisima gani.

Mwanagitaa Mpya
Kaka, nikilegeza nyuzi kama Iommi, si zitakwaruza?

Seremala wa Buguruni
Zitakwaruza ukizipiga kwa nguvu. Weka nyuzi nene kidogo kuliko za kawaida, shusha zote sita kwa kipimo kimoja, na mkono wa kupiga uwe mwepesi. Anza na Children of the Grave, taratibu.

Mwanagitaa Mpya
Nimeshusha. Nimeipiga mara tatu mfululizo, kifua bado kinatetemeka.