Chumba cha wakfu kwa aliyelala barazani: tudai barua ya nani?

Mwanamakorora (Tanga)

Asalaam aleikum, wanajukwaa. Mimi ni katibu wa kamati inayosimamia nyumba ya wakfu hapa Ngamiani, yenye vyumba saba ambavyo aliyeiweka wakfu aliagiza vipangishwe kwa kodi nafuu kwa maskini wa mji huu. Chumba kimoja ki wazi na waombaji ni watatu. Wawili wamepanga kwingine na kodi imewashinda. Wa tatu ni mzee aliyekuwa kibarua wa mashamba ya mkonge, ambaye kwa miaka miwili amekuwa akilala kwenye baraza ya duka karibu na soko la Mgandini.

Fomu yetu inadai barua ya mwenye nyumba wa mwisho, barua ya serikali ya mtaa anakoishi mwombaji, na kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Nilipomsomea, mzee alinyamaza, kisha akaniomba nimsindikize kwa mama lishe mmoja. Mama yule akatoa kopo la maziwa ya unga nyuma ya gunia la mkaa; ndani mlikuwa na kitambulisho cha taifa, kadi ya kliniki, na risiti ya pango ambayo wino wake umefifia. Mwenye nyumba aliyeiandika ameshafariki, na warithi wameiuza nyumba.

Wenzangu wanasema masharti ni yale yale kwa wote, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Mimi naona sharti linalomdai asiye na nyumba ushahidi wa nyumba limeshamtoa kabla hajaanza. Nishaurini namna ya kulieleza hilo bila kuonekana nampendelea.

Mstaafu wa Ustawi (Muheza)

Mwanangu katibu, msitarajie Katiba iwabebe. Ibara ya 11 inataja kazi, elimu na msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu, lakini makazi haiyataji, na ibara ya 7(2) inazuia mahakama kulazimisha utekelezaji wa sehemu hiyo. Kilichobaki ni hati yenu ya wakfu; isomeni upya. Kuhusu barua, mpeleke mzee kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, amhoji na kuandika taarifa ya hali yake. Mimi nimeandika nyingi za namna hiyo kwa watu ambao hawakuwa na mlango wa kugongwa.

Mpangishaji wa Chumbageni

Samahani, nami nisikilizwe. Mpangaji wangu mmoja alihama usiku akiniachia deni la miezi mitano na bili ya maji. Tangu hapo kodi ya mkupuo ndiyo kinga yangu. Mzee akishindwa, nani atalipa paa likivuja? Na hao wawili wengine, je, hawana watoto?

Mtanga wa Glasgow

Huku Uskoti, hadi mwaka 2012 halmashauri zilikuwa zikiwatanguliza wenye watoto, wagonjwa na makundi mengine machache. Tangu mwisho wa mwaka huo, kila aliyekosa makao bila kujitakia anastahili kupewa makao ya kudumu. Foleni haikuisha, na wengi hukaa miezi mingi kwenye makao ya muda, lakini angalau hawaondolewi mlangoni. Ufini nao, tangu 2008, humpa mtu nyumba kwanza, kwa mkataba wa kawaida na kodi anayoilipa, na msaada mwingine hufuata. Ndugu Mpangishaji, kinga yao ni mtu anayempitia mpangaji mara kwa mara na kujua mapema kodi inapoanza kuyumba.

Aliyelala Sokoni (Bagamoyo)

Mimi nililala soko la samaki hapa Bagamoyo. Kamati moja iliniita saa nne asubuhi. Nikaenda, nikakosa kibarua cha siku nzima, nikaulizwa kwa nini niliondoka nyumba yangu ya mwisho. Nilidanganya, kwa kuwa ukweli ulihusu ndoa yangu na waliokuwa wakiniuliza walikuwa watu saba. Halafu jambo lingine: msimpe ufunguo mkaondoka. Wiki za mwanzo nilikuwa nikitandika mkeka nje, kwa sababu ukimya wa ndani ulinitisha.

Mwanamakorora (Tanga)

Shukrani, wazee wangu na ndugu zangu. Hati nimeisoma, haitaji barua yoyote. Fomu, kumbe, mtangulizi wangu aliinakili kwa dalali. Nitapendekeza kodi ya mwezi kwa mwezi kwa vyumba vyote saba, na badala ya barua ya mwenye nyumba, maneno ya mtu yeyote anayemfahamu mwombaji kwa miezi sita, mama lishe akiwemo. Mpangishaji ana haki kuhusu wale wawili: mmoja ana watoto watatu, na bado sijui nimweke wapi kwenye foleni. Alhamisi nitakwenda kuwaona wote wawili walipo. Kikao nimekisogeza hadi Jumamosi baada ya alasiri, vibarua wa soko wakiwa wameshalipwa, na maswali yatakuwa ya mtu mmoja, faragha.