Bibi yangu alikuwa Mpoland wa kambi ya Tengeru: nina haki ya uraia?

Mjukuu_wa_Patandi:
Wakuu, heshima kwenu. Bibi mzaa baba alikuwa Mpoland. Alifika Tengeru 1942 akiwa na miaka 16, yeye na mama yake, wametokea Siberia walikopelekwa na Warusi, wakapitia Uajemi. Kambi ile ya wakimbizi Wapoland, karibu na Arusha, ilikuwa na watu kama 5,000. Wenzake walipoondoka kwenda Uingereza, Kanada na Australia, yeye akabaki kwa ajili ya babu, Mmeru, dereva wa lori. Baba kazaliwa Agosti 1950. Mama yake bibi kalala makaburi ya Wapoland, pale ndani ya chuo cha mifugo. Kila Novemba mosi tulikuwa tunaenda na mishumaa. Upepo unazima, bibi anawasha tena.

Tatizo ni kwamba hawakuwahi kufunga ndoa, si kanisani si bomani. Nyumbani hilo halisemwi. Nilicho nacho ni kitambulisho chake cha kambi tu, kona imeliwa na mchwa. Shangazi anasema mtoto wa nje hana haki popote. Ndiyo basi tena? Naomba kuwasilisha.

Mbeba_Zege, Kraków:
Mkuu, shangazi kageuza mambo. Sheria ya Poland ya 1920 ilitumika hadi Januari 1951: mtoto wa ndoa alifuata uraia wa baba, wa nje ya ndoa alifuata wa mama. Bibi angeolewa kabla baba yako hajazaliwa, ungekuwa umekwama. Kwa kuwa hakuolewa, huombi kupewa uraia, unaomba kuthibitishiwa kwamba unao. Maombi yanaamuliwa na wojewoda, yaani mkuu wa mkoa wa kule. Wewe pitia konsuli, ubalozi wa Poland, Dar. Ila kitambulisho cha kambi peke yake ni chepesi. Tafuta karatasi za kabla ya vita. Bibi alizaliwa wapi?

Mjukuu_wa_Patandi:
Kijiji karibu na Lwów. Na alichukua uraia wa hapa 1964, sijui kama nako kaharibu.

Mbeba_Zege, Kraków:
Hajaharibu. Baada ya 1951 Mpoland hakupoteza uraia kwa kuchukua wa kwingine, isipokuwa serikali ya Poland iwe imemruhusu. Lwów siku hizi iko Ukraine, lakini vitabu vingi vya kumbukumbu za kuzaliwa vya upande ule vilihamishiwa Warszawa. Anzia huko.

Mama_Kilala:
Mwanangu, usikimbilie. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Kaa na mwanasheria kwanza, usije ukapoteza huku ukitafuta kule.

Mjukuu_wa_Patandi:
Shikamoo mama, nimekusikia. Mrejesho: jana nilimsomea shangazi majibu yenu. Akanyamaza, akaingia chumbani, akatoka na kopo la biskuti. Ndani kuna cheti cha ubatizo cha bibi, 1926, cha Kilatini, muhuri bado unasomeka. Miaka yote kakikalia! Nani anamjua mtafsiri aliyeapishwa?